Mwito wa Pili

Kaniz hakuwa na ada ya kuogopa mchana. Usiku labda, kama binaadamu yeyote aliyelelewa kwenye nyumba kongwe ya Kiponda ambayo ngazi zake hulia bila ya kukanyagwa na mtu. Lakini jua la adhuhuri linawaka, uwanja wa mpira wa Dole umejaa watu wanaokula mishikaki na kubishana nani atashinda, mtu aogope nini? Ndivyo alivyokuwa akijiambia chini ya hema lao, ameshika hedifoni mkononi na hana moyo wa kuzivaa.

Zilikuwa zinanukia karafuu.

"Umezitia nini hizi?" alimwuliza Muhiddin.

Muhiddin alikuwa ameshavaa nguo zake za mbio, kofia ngumu ameikumbatia kifuani. Alikuwa kijana mrefu wa Mkokotoni, mpole wa maneno, na macho yake yalikuwa na tabia mbaya moja: yakishatua kwa Kaniz yalisahau kuondoka.

"Sijazitia kitu. Tangu mwaka jana zimo sandukuni, nimezitoa leo asubuhi."

"Zinanukia karafuu, Muhiddin."

"Kizimbani ipo hapo tu. Huku kila kitu kinanukia karafuu."

"Msimu haujafika. Hata moja haijaanikwa."

Wote wawili walikuwa wakimjua mtu mmoja tu aliyekuwa hatoki nyumbani bila ya karafuu mdomoni. Akiitafuna akiendesha, akiitafuna akizungumza, mpaka ukimsikia kwenye simu ungedhani ana jino linalomuuma. Mtu huyo alikuwa Raza, kaka yake Kaniz na rafiki wa roho wa Muhiddin, na mwaka ulikuwa umepita tangu azikwe.

Raza alikufa kwenye mbio hizi hizi. Siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa dereva, na Muhiddin ndiye aliyekaa chini ya hema na simu ya upepo, kumwambia lini aendelee na lini aingie piti, yaani pale magari yanaposimama kubadilishwa matairi. Mvua ilianguka ghafla Kizimbani, katikati ya mikarafuu, na Raza alikuwa bado yumo kwenye matairi ya jua. Gari liliteleza konani likaingia mtini. Muhiddin aliapa kuwa alimwita mapema aje kubadilisha, akamwita tena, hakujibiwa. Waandalizi wa mbio walizipima simu zote za upepo wakaona ni nzima, zinasikika kila pembe ya njia. Basi watu wakaanza kunong'ona. Wakasema kijana wa Mkokotoni hakuita. Walikuwa mbele, akautaka ushindi, akamwacha mwenziwe aendelee.

Leo viti vilikuwa vimebadilishana. Muhiddin ndiye dereva, kwa sababu alitaka kuipita kona ile kwa macho yake mwenyewe. Kaniz ndiye aliyekikalia kiti cha Muhiddin, kwa sababu alitaka kujua mtu akiwa pale anasikia nini. Na baina yao palikuwa na posa iliyokaa muda mrefu bila ya jibu.

"Leo utanijibu?" Muhiddin aliuliza kwa sauti ya chini.

"Baada ya mbio."

"Mzee kasemaje?"

Kaniz alizigeuza hedifoni mikononi mwake, akaangalia chini. "Baba anasema yeye hana tabu na kabila wala madhehebu. Hao ni shangazi zangu, wanaolia asubuhi na jioni kuwa wewe si wa jamaati yetu, na wanamtaka Kazim mtoto wa ami. Baba anataka kitu kimoja tu. Anataka nisimame mbele yake, nimtazame machoni, nimwambie: Baba, mimi nnajua kuwa Muhiddin alimwita Raza."

"Na wewe hujamwambia."

"Nimemwambia nnaamini. Kasema kuamini si kujua. Leo jioni nisipoweza kulisema neno hilo, Kazim anapewa jibu."

Nje ya hema mtu alikuwa akilipima gari lake kwa kulikanyaga mafuta, likinguruma na kunyamaza, likinguruma na kunyamaza.

"Sikuwepo," Kaniz alisema. "Nlikuwa nyumbani nnakaanga sambusa za kumpokea. Ningekuwepo ningejua. Nnakupenda, Muhiddin, na sijui. Siwezi kumtazama baba nikamdanganya juu ya mauti ya mwanawe."

Neno lile la kupenda alikuwa hajawahi kulitamka mbele yake, na mtu mwengine angelishika hilo akayaacha mengine yote. Muhiddin aliyapokea yote kwa pamoja, machungu na matamu, akavuta pumzi.

"Usimdanganye," alisema. "Nlimwita. Mara mbili, kama Bibi alivyotufundisha. Ntakwambia hivyo hivyo mpaka naingia kaburini. Lakini usimdanganye mzee kwa ajili yangu."

Akavaa kofia yake. Yalibaki macho tu, na macho yale yakafanya kama kawaida yake, mpaka Duni, fundi mkuu wa timu, akakohoa na kusema magari yanaitwa mstarini.

Kanuni ya kuita mara mbili ilikuwa ya Bibi, Mungu amrehemu, mama wa mzee Mujtaba, baba yake Kaniz. Siku wajukuu zake na Muhiddin walipomwonesha simu ya upepo alirudi nyuma akajivuta mtandio. Kwake yeye upepo ulikuwa ni ule unaompanda mtu, ukafukizwa ubani mpaka utoke. "Mnamwita mtu kwa upepo," aliwaambia, "na upepo nao ukipenda utakwiteni. Basi nisikilizeni. Usiyemwona akikwita mara moja, nyamaza. Pepo haliiti mara mbili. Ukisikia jina lako mara ya pili, huyo ni mwanaadamu, itika." Raza alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaifanya kanuni ya timu: jina mara mbili, dereva aitike naam, ndipo apewe amri. Ilifaa kweli, maana simu za timu huingiliana, na neno moja peke yake hupotea njiani.

Kaniz akazivaa hedifoni. Harufu ikamjaa puani kama mtu aliyemsogelea kumnong'oneza.

Mbio zenyewe hazikuwa ngumu kuzifahamu. Magari yaliizunguka njia iliyofungwa, yanapita mbele ya uwanja wa Dole, yanashuka Kizimbani chini ya mikarafuu, yanapanda upande wa pili na kurudi Dole. Kila gari lazima lisimame piti, angalau mara moja. Anayesimama mapema hupata matairi mapya, lakini yatachoka kabla ya mwisho. Anayechelewa huteseka na matairi mabovu, lakini wenziwe wakiwa wanasimama yeye anakimbia. Kaniz, ambaye siku nyengine zote alikuwa mwalimu wa hesabu, alikuwa amepanga Muhiddin achelewe. Ulikuwa mpango mzuri kabisa, maadamu jua lipo.

Na mpaka kati ya mbio jua lilikuwepo. Dereva wa Mombasa alikuwa mbele, gari jeupe la Muhiddin likimfuata. Kila lilipopita, Kaniz alilisikia kifuani kabla hajalisikia masikioni.

"Muhiddin. Muhiddin."

"Naam."

"Wanaanza kuingia piti. Wewe endelea. Matairi vipi?"

"Yanalalamika lakini yapo. Kaniz?"

"Naam."

"Nimekwita mara moja, umeitika."

"Wewe nnakujua."

"Sauti yako inapendeza humu ndani. Ningejua ningeligombea udereva zamani."

"Tazama njia."

Duni, aliyekuwa amekaa juu ya tairi karibu yake, alijifanya anatafuta spana. Kaniz alijiona anatabasamu mbele za watu, akajifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Kwa kitambo kidogo alikuwa amesahau kuogopa.

Kisha upepo ukakata. Bendera za wafadhili zilizokuwa zikipiga kelele tangu asubuhi zikanyong'onyea zote pamoja. Makelele ya watu hayakupungua, lakini Kaniz aliona yanatoka mbali, kama yanayotoka nyumba ya pili. Akainua macho. Mbingu yote ilikuwa buluu isipokuwa juu ya Kizimbani, ambapo palikaa wingu moja jeusi, dogo, halisogei.

"Duni. Lile wingu umeliona likija?"

Duni alilitazama kwa muda. Alikuwa mtu mzima wa Makunduchi, si mwepesi wa kutishika. "Sikuliona likija," alisema. "Nimeliona lipo."

"Mwaka jana lilitokea wapi?"

"Pale pale."

Kaniz hakuhitaji zaidi. Mpango wake ulikuwa umekufa, na alijua la kufanya: amwingize Muhiddin sasa hivi, avalishwe matairi ya mvua juu ya njia kavu, watu wacheke wanavyotaka. Muhiddin alikuwa anapanda kuja Dole. Mlango wa piti ulikuwa mbele yake, na akiupita huo, kinachofuata ni mteremko wa Kizimbani.

"Muhiddin. Muhiddin."

Kimya.

"Muhiddin. Muhiddin, unanisikia?"

Palikuwa na mvumo mtupu, ule wa mtu anapoweka sikio kwenye kombe la pwani. Na chini ya mvumo palikuwa na kitu chengine, kidogo, kinakuja na kupotea. Kaniz aliukandamiza mkono juu ya hedifoni ili asikie vizuri. Ilikuwa ni sauti ya meno yanayovunja kitu kikavu.

"Duni, chukua simu ya akiba. Mwite."

Duni alimwita. Akatikisa kichwa. Kwenye hema la jirani timu ya Mombasa ilikuwa ikizungumza na dereva wao bila ya tabu, wanamwambia abaki njiani, jua lipo. Simu zilikuwa nzima. Zilisikika kila pembe ya njia.

Basi hivi ndivyo ilivyokuwa, Kaniz alifikiri. Mwaka jana Muhiddin alikaa kwenye kiti hiki, akaita, na hakukuwa na wa kumshuhudia isipokuwa kidole chake kwenye kitufe. Mwaka mzima alikuwa akitafuta kujua, na sasa alikuwa anajua, na ujuzi wenyewe ulikuwa unataka kulipwa kwa Muhiddin. Aliiweka simu juu ya meza. Akasema, kwa mdomo tu, bila ya kitufe, bila ya upepo: Raza, usinichukulie na huyu.

"Naam," ikasema sauti masikioni mwake.

Alikuwa Muhiddin. Sauti yake ilikuwa tulivu, ya mtu aliyeitwa na mtu anayempenda. Kaniz aliitazama simu. Ilikuwa mezani, haijaguswa. Akamtazama Duni. Simu ya akiba ilikuwa kiunoni mwake, na mikono yake yote miwili imeshika jeki.

"Haya," akasema Muhiddin. "Naingia."

"Duni, anaingia."

"Umempata?"

"Anaingia. Toa matairi ya mvua."

"Kwa jua hili, bi Kaniz?"

"Ya mvua, Duni."

Gari jeupe liliingia piti wakati mafundi bado wanagongana. Tairi moja lilimponyoka mtu likabiringika mpaka kwenye miguu ya watazamaji, wakalirudisha kwa vicheko. Mtu mmoja aliuliza kwa sauti kama huyo dereva anakwenda kuvua. Kaniz alisimama mbele ya gari, na kupitia kioo Muhiddin alimwinulia kidole gumba, anamshukuru. Kaniz hakuwa na nafasi ya kumwambia kuwa hakuna alichofanya. Jeki likashushwa, gari likaondoka, na mpango wake wote wa hesabu ukabaki chini pamoja na matairi makuukuu.

Mvua ikaanguka Kizimbani. Dole haikufika hata tone, lakini waliisikia, mshindo mzito juu ya majani ya mikarafuu, na baada yake sauti ya gari linaloteleza na watu wakipiga unyende. Kaniz alifumba macho. Hedifoni zilikuwa kimya kabisa. Hata meno yalikuwa yamenyamaza.

"Muhiddin," alisema, na hakuthubutu kuita mara ya pili.

Akayahesabu magari yanayotokeza upande wa juu kwa kuyasikiliza tu. La kwanza silo. La pili silo. Kisha likaja lile alilokuwa akilisikia kifuani, pole pole, linarusha maji, na hapo ndipo alipofumbua macho.

Dereva wa Mombasa na wenziwe wawili walikuwa mtaroni kwenye kona ile ile. Alhamdulillahi hakuna aliyeumia. Ushindi ulimwangukia dereva wa Dar es Salaam aliyekuwemo piti mvua ilipoanza, akabadilishiwa matairi haraka, akamfikia Muhiddin na kumpita mwishoni. Muhiddin alikuwa wa pili. Matokeo yalipotangazwa kwenye vipaza sauti, Duni aliutupa mfuko wa spana chini.

"Tungekuwa tayari tungeshinda," alisema. "Ungeniambia tu kuwa umemwita."

"Sikumwita," Kaniz alisema. "Nlijaribu. Uliniona."

Duni alimtazama, akapaangalia pale lilipokuwa lile wingu, ambalo sasa halikuwepo, akaziokota spana zake moja moja.

Kaniz alimkuta Muhiddin nyuma ya hema, ameegemea gari lililokuwa likitoa mvuke. Alikuwa ameloa jasho na uso wake unang'ara kama wa mtu aliyetoka kuoga.

"Ahsante," Muhiddin alisema. "Ungechelewa kidogo tu ningekuwa mtini."

"Ulinisikia?"

"Vizuri. Ingawa mwanzo sikujua kama ni wewe."

"Nlikwita nani?"

Muhiddin alianza kucheka, kisha akaona uso wake, akaacha. "Uliniita Mudi."

"Mimi nshawahi kukwita Mudi?"

"Hujapata. Ndiyo nikasema unanitania." Alipangusa uso kwa mkono. "Sauti ilikuwa nzito. Nikasema labda simu, labda umelia. Kama ya mtu mwenye kitu mdomoni."

Walitazamana. Hakuna kati yao aliyekuwa tayari kulitaja jina, na hakukuwa na haja.

"Iliita mara ngapi?" Kaniz aliuliza.

"Mara mbili. Ya kwanza nikanyamaza kama kawaida. Ya pili nikaitika. Ikasema ingia. Basi."

"Na kabla ya hapo hukusikia kitu? Hukusikia mtu anakwita Muhiddin?"

"Kulikuwa kimya, Kaniz. Kimya mpaka nikasikia pumzi zangu mwenyewe."

"Mie nlikwita. Mara mbili, na tena mara mbili, na Duni naye akakwita, na simu ni nzima. Hukusikia hata moja."

Muhiddin aliteremka taratibu mpaka akakaa chini, mgongo kwenye mlango wa gari. Ilimchukua muda kulifahamu neno hilo, na alipolifahamu, macho yake yakajaa machozi.

"Basi na yeye hakunisikia," alisema.

"Na yeye hakukusikia."

"Mwaka mzima nlikuwa nnadhani kanisikia akakataa. Kwa ule ubishi wake. Kila nikilala nnamgombeza, nnamwambia Raza, kwa nini hukuitika. Mwaka mzima nnamgombeza marehemu kwa kosa asilolifanya."

Watu walikuwa wakipita huku na huku, na Kaniz alikuwa mtoto wa watu. Hakuweza kumshika mkono. Akainama, akaziweka hedifoni juu ya goti lake, na mkono wake akauacha pale juu kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kuweka hedifoni.

Walifika Kiponda baada ya Magharibi. Muhiddin alikaa barazani nje, mahali pake. Zamani alikuwa akiipanda ngazi ya nyumba ile kama ya kwao, anaitwa chai na kusukumwa kichwa kwa utani. Tangu maziko, akija kutoa salamu alikuwa akikaa barazani, na hakuna aliyemwambia ingia.

Kaniz alipanda peke yake. Mzee Mujtaba alikuwa kwenye kiti chake, tasbihi mkononi, taa hajaiwasha. Alikuwa mwenye duka la vipuri vya magari Darajani, mtu wa kuchekesha wateja, na tangu mwaka jana alikuwa hachekeshi mtu.

"Baba, nitazame."

Alimtazama.

"Mimi nnajua kuwa Muhiddin alimwita Raza."

Tasbihi ikasimama. "Unajuaje?"

"Kwa sababu leo mimi nimemwita Muhiddin kwenye kiti kile kile, kabla ya kona ile ile, hakunisikia. Simu ni nzima na hakunisikia. Mwito wangu haukufika, na wake mwaka jana haukufika."

"Na kijana akatoka vipi?"

Alimweleza. Alimweleza wingu, na meno, na jina la Mudi ambalo mtu mmoja tu duniani alikuwa akilitumia, na ile naam iliyojibu mwito ambao hakuna mtu aliyeuita. Hakupunguza kitu wala kuongeza. Alipomaliza, mzee Mujtaba alikuwa ameugeuzia uso wake ukutani.

"Baba, sema neno."

"Nenda chini, mwanangu. Niache."

Kaniz alishuka, na kila ngazi aliyoikanyaga ilimlilia. Muhiddin aliinuka alipomwona.

"Kasemaje?"

"Hakusema kitu. Kaniambia nimwache."

Muhiddin alitikisa kichwa pole pole, kukubali. Alikuwa amejifunza kutokumlaumu mzee. "Umemwambia unajua?"

"Nimemwambia nnajua. Ukweli nimeumaliza, sina mwengine."

"Basi hiyo yanitosha," alisema, na wote wawili walijua kuwa haimtoshi. "Hata ukiolewa na Kazim ntakuwa nnajua kuwa wewe unajua."

"Usiseme hivyo."

"Nsemeje, Kaniz? Nnakwenda. Nikikaa zaidi ntasema mengi."

Hakwenda. Alisimama na mguu mmoja barazani na mmoja chini, anamtazama, na Kaniz alikuwa kwenye kizingiti anatazamwa, na mlango wa kale uko wazi nyuma yake, ngazi zinapanda kuingia gizani. Hapo ndipo ilipoanza tena ile harufu. Haikutoka njiani. Ilikuwa inashuka kutoka ndani.

"Muhiddin," ikaita sauti kutoka juu.

Sauti ya mzee Mujtaba na ya marehemu mwanawe zilikuwa moja. Hata shangazi zao walikuwa wakikosea kwenye simu, wakimwambia mzee mambo ya kijana. Kaniz alitaka kugeuka akashindwa. Muhiddin alikuwa ameganda pale pale, midomo imefumbwa, anasubiri, kama alivyofundishwa na Bibi wa watu kwenye nyumba hii hii.

Palikuwa kimya kwa muda ambao Kaniz aliona hauna mwisho.

"Muhiddin." Mwito wa pili ulikuwa karibu zaidi.

"Naam, mzee."

"Ingia."

Muhiddin alivua viatu kwenye kizingiti. Akapanda, na Kaniz nyuma yake, na ngazi zikalia chini yao, na Kaniz aliona zinalia zaidi kuliko miguu ya watu wawili. Hakugeuka kutazama nyuma.

Mzee Mujtaba alikuwa amesimama mlangoni juu, ameushikilia mwimo kwa mkono mmoja. Mashavu yake yalikuwa yameloa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alimtazama Muhiddin kwa muda, kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama anayemhakikisha kuwa amerudi mzima. "Waambie wazee wako waje Ijumaa. Posa nimeipokea."

Muhiddin alifungua mdomo kushukuru, lakini mzee alimwinulia mkono.

"Nisamehe kwa kukusubirisha pale chini," alisema. "Mwaka mzima sijalitaja jina lako. Nimelitaja mara moja, sauti ikanikwama. Nikawa nimesimama hapa nnajilazimisha niite mara ya pili, haitoki. Nikasema, ataondoka huyu, hataitika mwito mmoja, mama yangu ndiye aliyemfundisha. Kisha nikakusikia unaitika."

Chini, mlango wa njiani ulikuwa bado wazi.

"Ulisikia mara ngapi?" mzee aliuliza.

"Mara mbili, mzee."

Mzee Mujtaba alitikisa kichwa kukubali. Akaitazama ngazi tupu nyuma yao, bila ya khofu, kwa jicho lile la mzazi ambaye mtoto wake amechelewa kurudi na hana tena hamu ya kumgombeza. Akasogea pembeni, akaacha nafasi mlangoni ya kupita zaidi ya watu wawili.

"Kaniz," alisema, "tia chai. Vikombe vinne."

Kaniz alikwenda kabatini akavitoa vinne, bila ya kuuliza cha nne ni cha nani.